Okei ya Bwana Fikirini

Nchi ninayotaka kuwasimulia ipo. Ina bendera, ina wimbo, na ina foleni. Jina lake silitaji. Mtu akikuuliza ni nchi gani, mwambie ni ya jirani. Na huko kwa jirani ukiuliza, watakujibu vivyo hivyo.

Wageni waliowahi kuitawala walipofunga mizigo na kuondoka, walisahau nyuma reli, nywele za bandia za majaji, na neno okei. Reli iliota nyasi. Nywele za bandia zililiwa na nondo. Neno okei ndilo lililoshamiri, kwa sababu Mlezi Mkuu wa Taifa, Mungu amzidishie alichonacho ingawa sijui ataongeza wapi, hakuwa na muda wa maneno marefu. Akiletewa jambo lolote alisema okei, na jambo likawa limekwisha.

Siku moja Waziri wa Mandhari alimweleza kwamba kilima kilichokuwa nyuma ya ikulu kinaizibia sanamu yake jua la asubuhi. Mlezi Mkuu alikuwa anakula embe. Akasema, "Okei." Basi kilima kikahamishwa, kwa makoleo, ndoo na nyimbo za kizalendo, kikamwagwa palipokuwa soko la vitunguu. Siku ya uzinduzi Mlezi Mkuu akafungua dirisha, akauliza nani kaiba kilima chake.

"Mtukufu, ulisema okei," Waziri akanong'ona.

"Nilisema okei ya nimekusikia! Nani alisema okei ya nenda kafanye?"

Waziri aliteuliwa papo hapo kuwa balozi katika nchi ambayo mpaka leo inatafutwa. Na ili balaa kama hilo lisirudi, ikaundwa Tume ya Taifa ya Asili na Maana za Neno Okei.

Katibu wa Tume alikuwa Bwana Fikirini Mkomwa, mtu mpole, wa ofisi tangu ujana, ambaye alipiga pasi hata leso zake. Mtaalamu wa lugha alikuwa Profesa Dindili, ambaye hakupiga pasi kitu chochote na alizungumza kana kwamba kila mtu yuko ng'ambo ya mto. Hawakufanana, lakini walikuwa marafiki wa kweli. Kila Ijumaa Profesa alikwenda kula kwa Fikirini, na mke wa Fikirini, Bi Mwanamvua, akawapakulia wali wa nazi katika sinia moja, akakaa nao, akala nao, akawacheka wote wawili.

Tume ilikaa hotelini kwa utulivu, ikajadili. Mjumbe mmoja aliapa kwamba neno lilitoka Afrika Magharibi, likavushwa bahari vinywani mwa watu waliofungwa minyororo. Wa pili alisema hapana, ni la wenyeji wa misitu ya Marekani. Wa tatu alikuwa ameoa Mgiriki, kwa hiyo lilikuwa la Kigiriki. Wa nne alisema ni herufi za jina la karani wa reli, aliyekuwa akizipiga kwenye kila mzigo aliouridhia. Wa tano alisema ni herufi za mwoka biskuti za askari. Huyu nadhani alikuwa na njaa.

Profesa Dindili akasimama. "Neno hili limezaliwa gazetini," alisema. "Waandishi wa huko Marekani walikuwa wanataniana. Waliandika 'yote sawa' kwa makosa ya makusudi, wakayafupisha makosa yao, wakacheka. Ufupisho huo ndio sisi tunaouhamishia vilima."

Habari zilifika ikulu kabla hajaketi. Jibu likarudi upesi: neno analotumia Mlezi Mkuu haliwezi kuwa mzaha. Baada ya chakula cha mchana Tume iligundua, kwa kauli moja, kwamba okei ilitamkwa mara ya kwanza duniani na marehemu bibi yake Mlezi Mkuu, alipokuwa akimwita mbuzi. Mgiriki alisahaulika hata na mumewe.

Zikabaki maana. Tume ilizipitisha nne: okei ya ndiyo, okei ya nimesikia, okei ya yaishe, na okei ya salama. Profesa akataka iongezwe ya tano.

"Kuna okei ya mtu anayeumia ambaye hataki kumsumbua mwenzake," alisema. "Ndiyo inayotumika kuliko zote. Sikilizeni tu watu kwenye simu."

Hilo nalo likapelekwa juu, likarudi limekatwa kwa wino mwekundu: "Mtu wa namna hiyo katika nchi yangu hayupo."

Wote wakatia saini. Fikirini alishika kalamu, akamtazama rafiki yake, akatia saini. Profesa alichukua mkoba wake, akatoka. Wiki hiyo hiyo chuo kikuu kiligundua kwamba idara yake haikuwahi kuwepo. Fikirini akawa Mkurugenzi Mkuu wa Okei, akapewa gari na nyumba ya serikali, na Ijumaa iliyofuata Bi Mwanamvua alipakua wali kwa watu wawili bila kuuliza neno.

Sheria yenyewe aliiandika Fikirini kwa mkono wake, na alijivunia hasa kifungu cha okei ya salama. Maana serikali ilikuwa imeona aibu: raia wanasema wako okei, kesho yake wanakutwa hawajala siku mbili. Fikirini alikumbuka nyumbani kwao alikozaliwa, ambako ukitaka kujua hali ya mtu hukumuuliza mwenyewe, ulimuuliza anayekula naye. Akaandika: kila atakayesema yuko okei awe na shahidi, na shahidi awe amekula naye sahani moja mwezi huo. Chakula cha semina kisihesabiwe, kwa kuwa huko watu hula bila kutazamana. Na ili wajanja wasipenye, maneno yote ya jamii hiyo yakaingizwa humo humo: sijambo, mzima, salama, nipo, na namshukuru Mungu. Simu itokayo nje ya nchi isipoulizia hali ya mtu, ikahesabiwa kuwa ya kijasusi.

"Shahidi wangu ni wewe," alimwambia mkewe siku ile.

"Mimi nitasema unakoroma," akajibu Bi Mwanamvua.

Sheria za nchi ile hutembea kwa mwendo wa konokono mgonjwa. Ilipokuwa bado inatoka meza hii kwenda meza ile, Bi Mwanamvua aliugua tumbo, akalazwa, akafariki. Maziko yalihudhuriwa na maofisa wengi wenye miwani nyeusi. Binti yao, Rukaiya, alikuwa nchi ya baridi akifanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee, akiwalisha na kuwaogesha baba za watu wengine, na hakupata ruhusa ya kuja. Fikirini alirudi kwenye nyumba ya serikali, akajifunza kupika wali wa mtu mmoja. Si rahisi. Sufuria zote zilikuwa kubwa.

Kwa hiyo furaha yake ilikuwa ni moja, simu ya Jumapili. Baada ya alasiri ilikuwa ikilia, naye akawa amekaa pembeni yake tangu adhuhuri, amevaa shati safi kana kwamba anaonekana. Siku nyingine zote za wiki alisema na watu kuhusu kazi. Jumapili alisema na mtu.

Jumapili ya kwanza baada ya sheria kuanza, simu ililia kama kawaida.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Baridi huko?"

"Mpaka ndani ya mifupa. Wewe je, uko okei?"

"Niko okei. Okei ya salama."

Sauti ya binti wa mitambo ya simu, aliyewekwa na sheria kusikiliza, ikaingia katikati, nyororo kabisa. "Shahidi tafadhali."

"Binti, hapa ni nyumbani kwa Mkurugenzi Mkuu."

"Shahidi tafadhali, Mkurugenzi Mkuu."

Halafu simu ikakatwa, na kama sheria inavyoelekeza, ukapigwa wimbo wa taifa. Fikirini akasimama wima, maana hilo nalo ni sheria, akiwa peke yake sebuleni na mkono wa simu sikioni, mpaka ubeti wa mwisho.

Kesho yake alimwita ofisini naibu wake, Bwana Kapulata, kijana wa tabasamu pana.

"Kapulata, nahitaji shahidi."

"Mheshimiwa, mimi na wewe tumekula semina ngapi!"

"Semina haihesabiwi."

"Nani mjinga aliandika hivyo?"

"Mimi."

Kapulata akakohoa kwa heshima. Fikirini akamkaribisha nyumbani Jumamosi, wale hata uji. Naibu akasikitika sana sana. Kula kwa bosi, alisema, kunaweza kutafsiriwa kuwa rushwa ya tumbo, nayo ina sheria yake. Alisikitika mpaka akatoka nje, na huko koridoni akaonekana akipima kwa macho kama kiti cha Mkurugenzi kitapita kwenye mlango wake.

Fikirini akawajaribu wengine. Dereva wake alikuwa amefunga, na ilionekana atafunga mwaka mzima. Jirani wa kulia alimfungulia mlango kidogo, akamwambia kwamba wao kwao wanakula mapema, wakati wowote atakapokuja watakuwa wamekwisha kula. Jirani wa kushoto hakuwepo. Nyumba ilikuwa tupu tangu awamu iliyopita, na Fikirini ndiyo kwanza alikuwa akilijua hilo. Akaenda mpaka kwa mama mmoja auzaye chakula nyuma ya wizara, akaketi kwenye benchi, akaagiza maharage, akamwomba mama ajumuike naye.

"Baba, mimi nikianza kula na wateja nitauza nini?" alisema yule mama. Kisha akamwangalia zaidi. "Huna watu wewe?"

Fikirini akasema ana wizara nzima. Alilipa, akaondoka, na maharage hakuyamaliza.

Jumapili ya pili alijaribu ujanja.

"Baba, ilikatika wiki ile. Uko okei?"

"Mvua imenyesha hapa, mwanangu. Mvua kubwa."

"Alhamdulillahi. Lakini wewe?"

"Paa la kwa jirani limevuja."

"Jibu swali tafadhali," ikaingia sauti nyororo.

"Baba, mbona hujibu? Kuna nini?"

Akasikia hofu katika sauti ya mwanawe, akataka kuituliza, na hakuwa na neno hata moja la halali la kuitulizia. Yote alikuwa ameyaandika mwenyewe kwenye kile kifungu. "Mvua," akasema tena, kwa unyonge. Wimbo wa taifa ukapigwa. Safari hii, ulipokwisha, sauti nyororo iliongeza kwamba simu ikikatwa mara ya tatu namba hufungwa, na kumtakia Jumapili njema.

Wiki ile Fikirini hakulala vizuri. Alifikiri kupaza sauti ya redio ili nyumba ionekane ina watu. Alifikiri kumwandikia Mlezi Mkuu, akakumbuka kwamba Mlezi Mkuu angejibu okei. Alhamisi alikubali kwamba katika nchi nzima yenye watu wote wale kulikuwa na mtu mmoja tu aliyewahi kula naye kwa kupenda, na huyo alikuwa amemtupa mwenyewe kwa saini moja.

Profesa Dindili alikuwa akiishi chini ya kilima kile kilichohamishwa, mahali ambapo vitunguu vya soko la zamani bado vilichipua vyenyewe kwenye udongo. Alikuwa nje akilisha kuku. Alimtazama Fikirini akishuka kwenye gari, akaendelea kulisha kuku.

"Hodi," Fikirini akasema.

"Nimekuona."

"Nimekuja kuomba."

"Ungekuja kunisalimu ningeshangaa."

Fikirini akaeleza pale pale uani, amesimama, viatu vikizama kwenye matope. Hakuficha kitu. Alipofika kwenye kifungu cha sahani moja, Profesa alicheka kicheko cha ng'ambo ya mto hadi kuku wakatawanyika. Alipofika kwa Rukaiya, aliacha kucheka.

"Yule mtoto nilimfundisha kusoma mimi," alisema. "Ingia. Kuna wali wa jana na kisamvu. Mezani hapana nafasi, tutakula chini."

Wakaketi mkekani, sahani katikati. Wakala. Kisha Fikirini akasema, "Mwanamvua hakunisamehe ile saini."

"Hakukwambia hivyo."

"Hakusema kitu. Ndiyo maana najua." Akachezea wali kwa vidole. "Dindili, na wewe hukuja kumzika."

"Nilikuja," Profesa akasema taratibu, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza Fikirini kumsikia akisema taratibu. "Nilisimama nyuma. Ulikuwa umezungukwa na miwani nyeusi, nikashindwa kupita. Nikatupa udongo wangu baada ya wote kuondoka."

Fikirini akainamisha kichwa. Aliona haya, na aliona faraja, na hakujua ipi imtoe machozi, akalia kwa zote mbili. Profesa akaendelea kula upande wake ili mwenzake apate nafasi ya kulia.

"Nitakuja Jumapili," alisema mwishoni. "Ila nikiulizwa, mimi nitajibu."

"Sema tu okei ya salama. Basi."

"Nimesikia," akasema Profesa.

Jumapili alifika mapema na vitunguu vichache mfukoni. Wakapika pamoja, wakagombana kuhusu chumvi, wakala. Fikirini alikuwa mchangamfu, hata aliimba kidogo akiosha sufuria. Baada ya alasiri simu ikalia, akaidaka kabla haijalia mara ya pili.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu, marahaba!"

"Baba, wiki nzima nakuwaza. Naogopa hata kuuliza. Uko okei?"

"Niko okei, okei ya salama, na shahidi ninaye, yuko hapa hapa!" Alisema kwa sauti ya ushindi.

"Shahidi tafadhali," ikasema sauti nyororo.

Profesa akaupokea mkono wa simu. "Naitwa Dindili. Nimekula naye sahani moja Alhamisi, na nimekula naye leo."

"Thibitisha hali yake tafadhali."

"Huyu mtu anakula kwa haraka akiwa ameinama, kama aliyeazimwa chakula. Amepakua akaweka na sahani ya mtu wa tatu, hakuna wa tatu, akaitazama, akairudisha kabatini akidhani sijamwona. Nyumba ina vyumba vinne na vumbi limekanyagwa kwenye kimoja tu. Ana hofu ya simu hii kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Binti, andika. Hayuko okei."

Fikirini akamnyooshea mikono yote miwili kumzuia, akiwa amechelewa. Alingoja wimbo wa taifa. Alikuwa amekwisha simama wima tayari.

Wimbo haukupigwa. Kukasikika karatasi zikifunuliwa huko mitamboni, moja, nyingine, tena nyingine.

"Samahani," ikasema sauti, na unyororo wake ulikuwa umepungua. "Hayuko okei ipi?"

"Zote," akasema Profesa.

"Hapa nina kitufe cha okei yenye shahidi na kitufe cha okei isiyo na shahidi. Ya hivi sina kitufe." Karatasi tena. "Kwa jambo lisilo na kifungu natakiwa kumpigia Mkurugenzi Mkuu wa Okei."

Profesa akamrudishia mwenye nyumba mkono wa simu.

"Ni mimi," akasema Fikirini.

"Shikamoo, mheshimiwa. Nifanyeje?"

Alijua ilivyompasa kujibu. Kapulata angelisikia hilo kesho asubuhi, na kesho kutwa angekuwa amekwisha hamisha kiti. Fikirini alikitazama kiti cha pale sebuleni, kilichokuwa tupu, na rafiki yake aliyegeuka kutazama dirishani.

"Iache laini wazi," alisema. "Usikate."

"Kwa kifungu gani, mheshimiwa?"

"Hakuna kifungu, mwanangu. Iache tu."

Ikaachwa. Ndani yake ukasikika upepo wa nchi ile ya baridi.

"Baba," akasema Rukaiya. "Tangu lini?"

"Tangu mama yako." Na kwa kuwa mlango ulikuwa umekwisha funguka, akaendelea. "Hata kabla yake, tangu nilipotia saini kitu ambacho sikukiamini. Lakini hasa tangu mama yako. Sikutaka kukusumbua, uko mbali, una kazi. Nilikuwa nasema okei ili uweze kulala."

Akasubiri alaumiwe. Huko ng'ambo alisikia mwanawe akivuta pumzi, kisha pumzi ile ikakatika katikati.

"Hata mimi, baba," akasema Rukaiya. "Hata mimi siko okei. Muda mrefu sasa."

Miaka yote ile Jumapili hadi Jumapili alikuwa akimuuliza baridi tu. Fikirini akavuta kiti, akakaa, akaweka mkono wa simu karibu zaidi na sikio.

"Haya mwanangu," alisema. "Nieleze."